Uhalifu wa vijana: Samaki akunjwe angali mbichi, lakini si kwa kiboko

KATA ya Zombo, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, haimo katika orodha ya maeneo yanayotajwa pale linapozuka suala la uhalifu wa vijana. Ipo kusini mwa mji wa Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, na wakazi wake walio wengi huishi kwa jembe. Kwa msomaji wa mjini, uhalifu wa vijana una anwani nyingine kabisa: Dar es Salaam, mitaa yake ya pembezoni, na vijana wenye mapanga.

Taswira hiyo haikutokea hewani. Mwanzoni mwa Januari 2015, jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na taharuki kubwa baada ya kundi la vijana lililopewa jina la Panya Road kuvamia mitaa, kujeruhi na kupora. Maduka yalifungwa, watu walikimbia ovyo, na polisi wakaendesha msako uliowatia mbaroni mamia ya vijana. Mwaka 2022 jina hilo lilirejea katika kurasa za mbele za magazeti. Nyumba zilivamiwa usiku, watu wakauawa, na msako ukarudiwa kwa nguvu zaidi.

Miaka saba ilipita kati ya matukio hayo. Waliokuwa na umri wa miaka tisa au kumi mwaka 2015, ambao wakati huo walikuwa madarasani na kalamu mikononi, mwaka 2022 walikuwa vijana wa miaka 16 na 17. Msako wa kwanza haukuwagusa, kwa sababu hawakuwa wamefanya lolote. Swali la msingi ni je, katika miaka hiyo saba, nani aliyewagusa, na kwa namna gani?

Hapo ndipo kata kama Zombo inapoingia katika mjadala huu. Tafiti zilizofanywa kwa zaidi ya nusu karne katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa safari ya kijana kuelekea kwenye ukatili huanza miaka mingi kabla ya polisi kumfahamu. Huanzia nyumbani na shuleni, na nyumba na shule zipo Zombo kama zilivyopo Temeke.

Watoto waliofuatiliwa hadi uzeeni

Mojawapo ya tafiti zinazotegemewa zaidi duniani katika suala hili ilianza mwaka 1961 jijini London, nchini Uingereza. Wavulana 411 wa familia za kawaida, wenye umri wa miaka minane na tisa, walianza kufuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Utafiti huo, ulioongozwa kwanza na Donald West na kisha na David Farrington, uliendelea hadi wavulana hao walipokuwa watu wazima wenye wajukuu.

Matokeo yake yalithibitisha jambo lililokwisha kuonekana Marekani. Mwaka 1972, Marvin Wolfgang na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia katika jiji la Philadelphia. Waligundua kuwa asilimia sita tu ya wavulana hao walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa na polisi. Huko London nako, kikundi kidogo cha takriban asilimia saba kilibeba karibu nusu ya hukumu zote.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uhalifu wa kizazi kizima hutoka kwa wachache. Msako unaokusanya mamia ya vijana kutoka vijiweni, kwa hiyo, huwachanganya wachache hao na wengi ambao kosa lao ni kutokuwa na kazi ya kufanya saa hiyo.

Watafiti wa London walijiuliza ni nini kiliwatofautisha wachache hao walipokuwa na umri wa miaka minane hadi kumi. Majibu hayakuwa ya ajabu. Wengi walitoka katika familia maskini na zenye watoto wengi. Usimamizi wa wazazi ulikuwa hafifu, na katika baadhi ya familia mzazi au ndugu alikwisha kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Shuleni walikuwa nyuma ya wenzao, na kitabia walikuwa wepesi wa kutenda kabla ya kufikiri.

Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani kuhusu ukatili wa vijana, iliyotolewa mwaka 2001, iliongeza jambo muhimu: umri hubadilisha uzito wa kila jambo hatarishi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, ushawishi mkubwa hutoka katika familia na tabia zake mwenyewe, ikiwamo kuanza mapema kutumia vilevi. Akishavuka umri huo, wenzake wa rika huchukua nafasi. Kukosa uhusiano wa karibu na jamii, kuwa na marafiki wanaovunja sheria na kujiunga na genge ndivyo viashiria vinavyoongoza.

Kwa wilaya kama Kilosa, umri huo wa mpito unaangukia karibu na darasa la saba. Tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne, hatua iliyowafungulia mlango watoto wengi. Hata hivyo, mtoto asiyefaulu, au ambaye shule yake ya sekondari ipo mbali na nyumbani, hujikuta nje ya darasa akiwa na miaka 13 au 14. Hana umri wa kuajiriwa wala shamba lake mwenyewe. Akitoka nyumbani, barabara kuu iendayo Zambia inapita Mikumi, na kwa barabara hiyo Morogoro na Dar es Salaam si mbali.

Hatari si hukumu

Ni kosa, hata hivyo, kuyasoma matokeo haya kana kwamba umaskini ni jina lingine la uhalifu. Watoto wengi wa familia maskini hukua wakawa raia wema, na wala hakuna jambo moja linalotosha peke yake kumfanya mtoto awe mkatili. Kinachoonekana katika tafiti hizo ni mrundikano: mtoto mwenye jambo moja hatarishi hatofautiani sana na wenzake, lakini mwenye manne au matano kwa pamoja yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Aidha, si kila kijana anayevunja sheria ataendelea kufanya hivyo. Mwaka 1993, mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na utafiti wa watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 katika mji wa Dunedin, New Zealand, aliwagawa vijana hao katika makundi mawili. Kundi dogo huanza utukutu wakiwa wadogo na huendelea nao ukubwani. Kundi kubwa hufanya makosa katika miaka ya ujana tu, kisha huacha wapatapo kazi, mke au jukumu.

Tofauti hiyo ina uzito wake mahakamani na kituo cha polisi. Kijana wa kundi la pili akifungiwa chumba kimoja na wahalifu wazoefu, hupewa walimu wapya katika umri uleule ambao wenzake ndio wanaomwongoza. Kosa ambalo lingepita pamoja na ujana linaweza kugeuka kazi ya maisha.

Kuhusu kinachowaokoa watoto, mfano unaotajwa mara nyingi unatoka katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Huko, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliozaliwa katika mazingira magumu zaidi, takriban mmoja kati ya watatu alikua bila matatizo makubwa. Jambo lililojirudia katika maisha yao lilikuwa uwepo wa walau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba. Huyo hakuwa lazima mzazi. Kwa wengine alikuwa bibi, shangazi au mwalimu.

Wenyeji wa Kilosa hawahitaji kupelekwa Hawaii kulielewa hilo. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ni jamii zinazofuata ukoo wa upande wa mama, na kwa desturi mjomba alikuwa na sauti kubwa katika malezi ya watoto wa dada yake. Mtoto aliyekosa baba hakukosa mwanamume wa kumwonya na kumtetea. Uhamaji, kazi za vibarua za mbali na maisha ya mjini vimeulegeza mfumo huo. Kwa lugha ya watafiti, jamii inapopoteza nafasi ya mjomba bila kuweka mtu mwingine, imeondoa kinga moja na kuacha hatari zilezile.

Kiboko na methali

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Katika nyumba nyingi za Tanzania, methali hizo husomwa kama ruhusa ya fimbo. Utafiti unakubaliana nazo kuhusu wakati, yaani utotoni. Kuhusu chombo cha kukunjia, unapingana na usomaji huo moja kwa moja.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliiweka Tanzania miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kulipima tatizo hilo waziwazi. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban wasichana watatu katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wa waliotajwa kuwapiga watoto walikuwa watu wanaopaswa kuwalinda: wazazi, ndugu na walimu.

Mwaka 2014, Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafunzi 409 wa darasa la pili hadi la saba katika shule ya msingi nchini Tanzania. Karibu wote walikwisha kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ugomvi, ukaidi na hasira.

Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, kama si utukutu uliotangulia na fimbo kufuata. Utafiti wa siku moja hauwezi kulijibu swali hilo, ila wa miaka mingi unaweza. Mwaka 1989, Cathy Widom wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 908 ambao mahakama zilithibitisha kuwa walipigwa, walinajisiwa au walitelekezwa. Aliwalinganisha na watoto 667 wa mitaa na umri uleule ambao hawakupatwa na hayo. Uwezekano wa waliodhulumiwa kukamatwa wakiwa bado watoto ulikuwa mkubwa kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, wengi wao hawakuwahi kukamatwa, jambo linalorudisha somo la Kauai.

Sheria za Tanzania hazijaondoa fimbo shuleni. Kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Kila aliyesoma katika shule za nchi hii anafahamu umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na hali halisi ya darasani.

Funzo la Rudewa

Kilosa ina historia inayozuia suala hili kuonekana kama la watoto watukutu pekee. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kaskazini mwa mji wa Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wengi wa waliopoteza maisha walikuwa wanawake na watoto. Mapigano mengine yenye vifo yalifuata wilayani humo mwaka 2008.

Katika migogoro ya namna hiyo, wanaotangulia mbele huwa ni vijana. Upande mmoja ni morani, upande wa pili ni vijana wa ulinzi wa jadi. Lakini watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2009, hawakuanzia kwa vijana. Walionyesha sera zilizowaweka wafugaji pembezoni, rushwa, na wananchi wa pande zote kupoteza imani kuwa ofisi za umma zingewatendea haki. Pale haki ilipokosekana ofisini, ilitafutwa kwa silaha.

Hilo ni jambo hatarishi ambalo dodoso za London haziligusi sana. Mtoto anayekua akiona watu wazima wakimaliza shauri la mpaka wa shamba kwa sime hujifunza kuwa hiyo ndiyo njia. Vivyo hivyo kwa mtoto wa mjini anayeshuhudia kibaka akichomwa moto mchana kweupe huku wakubwa wakishangilia.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Serikali na jamii zinapobanwa na uhalifu wa vijana, kishawishi cha kwanza ni kuwatisha. Marekani ilijaribu. Kuanzia miaka ya 1970, watoto watukutu walipelekwa kutembelea magereza ili wafungwa wawafokee na kuwaonyesha mwisho wao. Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio ya kitaalamu ya mpango huo, walikuta kuwa watoto waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa bila kufanyiwa lolote.

Mambo yaliyofanikiwa ni ya kimya na ya muda mrefu. Nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na walimu, wanafunzi na wazazi wa shule za msingi za Wilaya ya Luwero ili kubadili namna ya kutia nidhamu bila fimbo. Jaribio lililohusisha shule 42 lilitangazwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zilizoshiriki walisema walipigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika shule ambazo mpango ulikuwa haujafika, walikuwa asilimia 49. Luwero haina utajiri unaoizidi Kilosa kiasi cha kusema jambo hilo haliwezekani Morogoro.

Hata kwa waliokwisha kupotoka, mlango haujafungwa. Jijini Monrovia, Liberia, vijana wa kiume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi walihusishwa katika jaribio la Christopher Blattman na wenzake. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na kufikiri kabla ya kutenda, wengine walipewa Dola 200 za Marekani za kuanzia maisha, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Miaka 10 baadaye, waliopata mafunzo pamoja na fedha walikuwa wamepunguza wizi na ukatili kwa takriban nusu. Fedha peke yake haikuleta matokeo hayo.

Sheria ipo, watu ni wachache

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inaanzisha mahakama ya watoto, na inasema wazi kuwa mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017, umeagiza kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji.

Tatizo ni umbali kati ya karatasi na mtoto. Wakati sheria hiyo inapitishwa, nchi nzima ilikuwa na mahabusi tano za watoto, katika miji ya Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na shule moja tu ya maadilisho, Irambo, mkoani Mbeya. Morogoro, mkoa mkubwa kuliko baadhi ya nchi, haukuwamo. Mtoto wa Kilosa aliyekamatwa alikuwa na njia mbili: kusafirishwa mbali na ndugu zake, au kulala mahabusi na watu wazima. Katika miaka ya 2010 programu ya kuwarekebisha watoto wakiwa ndani ya jamii ilianza kwa majaribio Temeke na Mbeya. Hilo ndilo linalopaswa kufika vijijini, kwa kuwa kumrekebisha mtoto akiwa kwao humwacha na bibi yake, mjomba wake na mwalimu wake, yaani na kinga zake zote.

Kwa kata moja, hesabu inaweza kufanyika bila mtaalamu kutoka nje. Mwalimu wa darasa la pili anawafahamu watoto wanaokuja shuleni na njaa, wanaosinzia, wenye makovu, na wanaopotea siku tatu kwa wiki. Mwenyekiti wa kitongoji anazifahamu nyumba zenye ulevi na ugomvi. Kamati ya ulinzi ya kijiji ikikaa na watu hao wawili, na afisa ustawi wa jamii akiwa na usafiri wa kumfikisha huko, watoto watakaotajwa hawatazidi wachache. Tafiti za London na Philadelphia zinasema hao wachache ndio wenye uzito mkubwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Orodha hiyo isigeuke kuwa muhuri wa uhalifu kwenye paji la uso la mtoto wa miaka minane. Inapaswa kuwa orodha ya watoto wanaodaiwa msaada: chakula cha mchana shuleni, somo la ziada la kusoma, mtu mzima mmoja wa kuwafuatilia, na mzazi atakayefundishwa kuonya bila kuumiza.

Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na misako, mahabusi na mazishi. Matunda yake, hata hivyo, hayaonekani kabla ya miaka saba au minane kupita, wakati kiongozi aliyeanzisha kazi hiyo huenda amekwisha kuhamishwa. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya msako kupendwa, kwa kuwa matokeo yake hutangazwa siku ileile.

Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri wa chini ya miaka 15. Vijana ambao magazeti yatawaandika katika miaka ya 2030 wapo darasani hivi sasa, Zombo, Temeke na kwingineko, wakijifunza kusoma. Methali ya wazee ilikuwa sahihi kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lililobaki ni watu wazima kukubali kuwa hukunjwa kwa mkono.